FUNDI WA NYUMBANI: Taa ndogo za dashibodi

Mwezi huu tunaongea juu ya pikapu. Tunajua wengi wenu hamna gari, na pengine mnataka kufungua ukurasa mwingine. Ngojeni kidogo. Hapa Nakivale karibu kila mahali kuna pikapu kuukuu moja au mbili, mara nyingi Hilux ya miaka ya 1980 au 1990. Kwa karatasi ni ya mtu mmoja, lakini kwa kazi ni ya wote. Asubuhi inabeba mahindi na maharage, jioni inarudi na mabati kutoka Mbarara, na usiku wa manane ndiyo inayoamshwa mama akishikwa na uchungu. Kwa hiyo taa zake ni jambo lenu nyote.

Huku kwetu jua linazama karibu saa moja jioni, mwaka mzima, kwa kuwa hatuko mbali na ikweta. Gari ikichelewa kupakia Mbarara, lami inaishia nyuma na vumbi la murram unalikuta gizani. Dereva anatazama dashibodi, haoni kitu: spidi hajui, mafuta hajui, joto la injini hajui. Wengi wameshazoea, wanawasha tochi ya simu na kuishika mdomoni. Sisi hiyo tochi hatuipendi hata kidogo, maana jicho likitoka kwenye mwanga ule halioni tena mbuzi wala baiskeli iliyo mbele.

Lakini giza la dashibodi siyo hatari kubwa. Ndani yake kuna taa za aina mbili, na watu wanazichanganya. Za kwanza ni za kumulika tu. Za pili ni za kuonya: ya oili yenye picha ya kopo lenye mdomo mrefu, ya chaji yenye picha ya betri, ya breki. Ya kumulika ikiungua utajua siku hiyohiyo. Ya kuonya ikiungua hutajua, kwa sababu taa ya onyo iliyozimika kwa kuwa mambo ni mazuri, na ile iliyoungua, zinafanana kabisa. Presha ya oili inashuka, taa iko kimya, wewe unaimba tu, kumbe injini inajisaga.

Kipimo chake ni rahisi na hakiombi pesa. Zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Taa ya oili na ya chaji lazima ziwake. Washa injini, lazima zizime. Ile iliyokataa kuwaka imeungua globu, au waya wake umekatika. Vijana mnaoosha gari za wazee, mfanye hivyo kila asubuhi kisha mwambie mzee.

Taa ya chaji iko na siri yake. Katika gari nyingi za zamani, umeme kidogo unaopita kwenye globu ile ndio unaoiamsha alternata ianze kuchaji. Globu ikiungua, alternata inaweza kubaki imelala, na gari inakula betri peke yake. Mchana husikii kitu. Usiku, taa kubwa zikiwaka, betri inaisha njiani. Ndivyo ilivyompata mama mmoja wa kijiji chetu aliyekuwa akipelekwa kujifungua: taa zilififia, kisha injini nayo ikazima, na kijana wa boda-boda aliyepita ndiye aliyempakia yeye na shangazi yake hadi senta ya afya. Mama na mtoto wazima, tunashukuru. Mwenye gari alikuwa amenunua betri mpya wiki mbili kabla. Betri haikuwa na ubaya wowote. Basi baba, kabla hujauza mbuzi ununue betri, tazama kwanza ile globu.

Sasa kazi yenyewe. Kama dashibodi nzima imekuwa giza, usifungue kitu bado. Angalia kile kigurudumu kidogo cha kupunguza mwanga, watoto wanapenda kukichezea. Halafu angalia fyuzi. Kwenye Toyota nyingi taa za dashibodi ziko kwenye fyuzi moja na taa za nyuma, imeandikwa TAIL. Kwa hiyo dashibodi ikizima ghafla, shuka utazame nyuma kabla lori halijakutazama. Weka fyuzi ya namba ileile. Karatasi ya sigara na kipande cha waya ni njia ya kuchoma gari.

Kama fyuzi ni nzima, toa waya wa hasi wa betri. Fungua skrubu za fremu ya plastiki inayozunguka saa, nyingine zimejificha juu kwa ndani, na usivute kwa nguvu, plastiki ya miaka thelathini inavunjika kama biskuti. Kisha zile za saa zenyewe, mara nyingi ni nne. Vuta pole pole, ingiza mkono nyuma, bonyeza kishikizo cha kebo ya spidi itoke, chomoa plagi za waya. Piga picha kwa simu kwanza, itakuokoa wakati wa kurudisha.

Mgongoni utaona karatasi nyembamba ya plastiki yenye mistari ya shaba. Hiyo ndiyo njia ya umeme, usiikwaruze. Vishikio vya globu vinazungushwa robo tu kwenda kushoto vinatoka. Globu yenyewe, wengine tunaita ampuli, kwa kawaida inavutwa kwa vidole. Iliyoungua kioo kimekuwa cheusi au kiwaya chake kimekatika. Ukikuta shaba imeshika uchafu, ifute taratibu kwa kifutio cha penseli.

Nenda Mbarara na globu ya zamani mfukoni, usimweleze muuza spea kwa maneno. Soma ubavuni: 12V. Ya lori la 24V itawaka kama mshumaa unaoisha. Wati ziwe zilezile, maana yenye nguvu zaidi inayeyusha plastiki. Zile za LED ni nzuri kwa kumulika, na ikikataa kuwaka uigeuze, iko na upande wake. Lakini kwenye taa ya chaji rudisha globu ya kawaida, kwa sababu LED inapitisha umeme kidogo mno. Na nauli ya kwenda na kurudi inapita bei ya globu, kwa hiyo wenye pikapu tatu nne mtume mtu mmoja, abebe za wote.

Kabla ya kufunga skrubu, unganisha plagi na betri, zungusha ufunguo ON, halafu washa taa za nje. Moja ikikataa, ni afadhali uijue sasa, saa bado ziko mapajani mwako.