Baraza la wapagazi Mbwera

Mnara wa Askari, uliozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, unawataja wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza katika maandishi yake, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yenye singe. Mpagazi hana sura.

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilizama katika delta ya Rufiji Julai 11, 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, Waafrika wakaikokota kwa kamba hadi Dar es Salaam. Mmoja leo uko Fort Jesus, Mombasa.

Mbwera, kijiji cha delta hiyo, inastahili baraza pana la kuwakumbuka waliokokota: sakafu iinuliwe maji ya bamvua yasiifikie, paa libebwe na boriti za mikoko, na ukutani ichongwe ile kamba, mikono ikiwa imeishika. Wanaosubiri maji yajae mashua zielee, wakae hapo na wazee wao.