Yatima wa Ng'ambo: Tusaidie Jengo au Tusaidie Nyumba?

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.), aliyezaliwa yatima na akalelewa katika uyatima.

Ndugu zetu waumini, si mara chache baada ya sala ya Ijumaa husimama mbele yetu mtu mwenye picha ya jengo na orodha ya majina. Hutueleza kwamba katika nchi fulani ya mbali wapo mayatima kadhaa wanaohitaji chakula, mavazi na elimu. Mfuko hupitishwa katika safu, nasi hutoa kila mmoja kwa kadiri alivyojaaliwa. Kutoa huko ni kwema, na hatuandiki haya ili tumzuie mtu kutoa. Tunaandika kwa sababu amana ya mtoaji haiishii pale fedha inapoingia mfukoni. Imempasa ajue sadaka yake imekwenda kumfanyia nini yule aliyekusudiwa. Na katika jambo hili la watoto wa ng'ambo, tunakiri kwamba sisi wenyewe hatukuitimiza amana hiyo kama ilivyotupasa.

Miaka kadhaa iliyopita baadhi yetu tuliungana kumfadhili mtoto mmoja aliyekuwa akilelewa katika kituo cha nchi ya nje. Kila baada ya miezi sita tulipokea picha yake na taarifa ya masomo yake, nasi tukafurahi kuona anakua. Siku moja katika kikao chetu, mama mmoja mtu mzima aliuliza swali fupi: "Na mama yake yuko wapi?" Hapakuwa na aliyejua. Tukaandika barua kuuliza. Jibu likaja kwamba mama yake yu hai, analea wadogo zake wawili kijijini, na humwona mwanawe wakati wa Idd. Alimpeleka kituoni kwa kuwa hakuweza kulipa ada ya shule. Tukauliza ada hiyo ni kiasi gani, tukakuta haifiki hata nusu ya mchango wetu. Hakuna aliyetudanganya, kwani kila kilichoandikwa katika zile taarifa kilikuwa kweli. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa hatukuuliza.

Huenda msomaji akadhani kwamba hilo ni tukio la nadra. La hasha. Na tuitazame Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko karibu nchi zote duniani, na yenye vituo vingi mno vya kulelea watoto, vilivyo vingi vikiendeshwa na jumuiya za dini.

Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yaliipiga pwani ya Aceh, na katika mkoa huo peke yake watu wapatao 170,000 walikufa au kupotea. Msiba huo ulivuka Bahari ya Hindi hata ukafika huku kwetu. Watu wapatao 300 walifariki pwani ya Somalia, na Tanzania nayo ilipoteza watu wake. Dunia nzima iliwaza habari ya mayatima wa Aceh. Serikali ya Indonesia, ikichelea watoto wasije wakachukuliwa na watu wasiojulikana, ilipiga marufuku watoto wa chini ya miaka 16 kutolewa mkoani humo bila wazazi wao. Fedha za misaada zikaja kwa wingi, na vituo vipya vikajengwa.

Lakini wengi wa watoto waliopoteza wazazi wao katika maafa yale hawakuishia katika vituo. Walichukuliwa na bibi zao, na shangazi zao, na kaka zao wakubwa, na majirani. Hao ndio waliokuwa walezi wa kweli, ingawa nyumba zao zilikuwa mahema na mikono yao mitupu. Jamaa hao hawakuwa na picha za kutuonyesha wala mtu wa kuwasimamia misikitini.

Mwaka 2007 ulitolewa utafiti uliofanywa na Save the Children kwa pamoja na Wizara ya Masuala ya Kijamii ya Indonesia na UNICEF, kuhusu hali ya vituo vya watoto katika nchi hiyo. Ilikisiwa kwamba vilikuwapo vituo kati ya 5,000 na 8,000, vyenye watoto wanaofikia nusu milioni. Katika vituo vilivyochunguzwa, asilimia 90 ya watoto walikuwa na mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Asilimia 56 walikuwa na baba na mama. Waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa asilimia 6 tu. Sababu kubwa ya kupelekwa huko ilikuwa ni umaskini, na hasa hamu ya wazazi kuwapatia watoto wao elimu.

Twapaswa kulielewa vizuri jambo hili. Katika sheria ya Kiislamu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba yake kabla ya kubaleghe, hata kama mama yake yu hai. Kwa hiyo kuwa na mama hakumwondolei mtoto haki ya yatima. Lakini wale asilimia 56 hawakuwa mayatima kwa maana yoyote ile. Na yule aliyefiwa na baba, akiwa bado anaye mama, mtu wa kumlea anaye. Kilichopungua ni kipato cha kumlelea. Basi ni haki gani hiyo ya kumsaidia yatima kwa kumfanya ampoteze na mama?

Inatupasa pia kujua mambo haya huendaje. Msaada unapotolewa kwa kuhesabu vitanda, kituo chenye watoto wengi hupata zaidi, na kile chenye watoto wachache hupungukiwa. Hapo msimamizi, hata akiwa mcha Mungu, hujikuta akiwatafuta watoto vijijini ili vitanda vijae. Mama maskini naye huambiwa kwamba mwanawe atasoma na kula bure. Ni mama gani atakayekataa? Hivyo sadaka iliyotolewa kwa nia ya kuwakusanya waliotawanyika huja ikawatawanya waliokuwa pamoja. Indonesia yenyewe ililiona hilo. Tangu mwaka 2009 ilianza kuelekeza sehemu ya msaada wake kwa watoto na jamaa zao, na mwaka 2011 ikatoa kanuni za taifa za malezi katika vituo.

Nasi Waislamu tusingehitaji kungoja utafiti ili tulijue hili. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alifiwa na baba yake kabla hajazaliwa, na mama yake Bibi Amina akafariki yeye akiwa na umri wa miaka sita. Alilelewa na babu yake Abdul Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib, ambaye hakuwa tajiri na alikuwa na watoto wake wa kuwalisha. Qur'ani Tukufu inatukumbusha jinsi Zakaria (a.s.) alivyomlea Maryam (a.s.). Aidha, katika Suratul Ahzab imeagizwa watoto waitwe kwa majina ya baba zao, ili malezi yasifute nasaba. Hiyo ndiyo kafala, ambayo hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja katika kifungu chake cha 20.

Zaidi ya hayo, tukitafakari Suratul Kahf tutaona kisa cha ukuta uliokuwa karibu kuanguka, nao ulikuwa wa mayatima wawili katika mji ule, na chini yake palikuwa na hazina yao. Yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa (a.s.) hakuwachukua watoto wale kuwapeleka mji mwingine. Aliusimamisha ukuta wao pasipo ujira, kisha akaenda zake, ili wakue na wapate kilicho chao. Huo ndio mfano wa msaada kwa yatima wa mbali.

Wapo watakaosema kwamba baadhi ya watoto hawana mtu kabisa, na kwamba mahali pengine shule iko mbali hata bweni haliepukiki. Hayo ni kweli, nasi hatusemi vituo vyote vifungwe. Kituo chema kinachomtunza asiye na mtu, huku kikiendelea kuwatafuta jamaa zake, kinastahili msaada wetu. Tunachokipinga ni kukifanya kituo kuwa mlango wa kwanza, hali ingepasa kiwe wa mwisho.

Basi tunashauri kwamba kabla ya kutoa, kila msikiti na kila kamati iulize mambo matatu. Kwanza, ni watoto wangapi kati ya hao wenye mama, baba au jamaa aliye hai, na ni lipi limefanywa ili warudi kwao? Pili, je, mchango wetu waweza kumfikia mjane mwenyewe kwa ajili ya ada, chakula au mtaji mdogo wa biashara, badala ya kupitia kitandani? Tatu, mali inayotolewa kwa jina la yatima huhesabiwa na nani, na hesabu hiyo husomwa mbele ya nani? Suratun Nisaa imelionya kwa ukali jambo la kula mali ya yatima, na onyo hilo linamhusu pia anayeipitisha mikononi mwake bila hesabu.

Mwenye kujibu maswali hayo kwa uwazi, tumpe na tumwongezee. Asiyeweza kuyajibu tumwombe akayatafutie majibu kwanza, nasi tungoje. Watu wenye nia njema hawachukizwi na swali jema.

Kuhusu yule mtoto wetu, tuliandika tena kuomba mchango upelekwe kwa mama yake. Ilichukua muda na barua nyingi. Sasa anasoma shule iliyo karibu na kijiji chao. Hatupokei tena picha zake, wala hatuzidai. Twatosheka kujua kwamba jioni hurudi nyumbani kwao.

Mwenyezi Mungu azipokee sadaka zetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaousimamisha ukuta wa yatima. Amin.