Laptopu ya dukani: usinunue kwa ukubwa wa kioo

Wafanyabiashara wenzangu, wiki hii watu watatu wameniuliza swali lile lile: ninunue laptopu gani ya dukani? Najibu hapa mara moja, na mwenye maoni tofauti aseme.

Mimi nauza mashuka na mataulo hapa Darajani, na wateja wangu wakubwa ni nyumba za wageni za Nungwi na Paje. Kazi yangu ya kompyuta ni ya kawaida tu: profoma, ankara, hesabu za stoo na madeni kwenye Excel, barua pepe, na risiti za ZRA. Kwa kazi hiyo nilinunua laptopu mpya, kioo inchi 15.6, inang'aa, laki saba na nusu. RAM GB 4, hifadhi GB 64. Sikuuliza zaidi ya hapo. Nilipenda rangi.

Haikufika miezi minne, apdeti za Windows zikaijaza ile hifadhi. Nikifungua Excel na intaneti pamoja, naweza kwenda kula urojo nikarudi bado inafikiri. Nikavumilia. Halafu siku moja mteja wa Paje akataka profoma ya mashuka ya vyumba 22 kabla ya alasiri. Saa tano umeme ukaondoka. Betri ilikuwa haimalizi hata nusu saa, ikazima mimi niko mstari wa mwisho. Nikapiga simu kuomba mpaka usiku, yule meneja kwa adabu zote akanambia, "Basi tena bwana, nimeshapata pengine."

Vyumba 22!

Baada ya hapo nikanunua ndogo ya mtumba, ThinkPad X280, inchi 12.5, kilo moja na kidogo, RAM GB 8, SSD GB 256. Laki sita na nusu. Jirani yangu akacheka: umetoa mpya umechukua kuukuu, tena ndogo kama daftari la skuli. Lakini laptopu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, za watu wanaoandika siku nzima. Kibodi yake haichoshi vidole na inastahimili chai ikimwagika kidogo. Naitia kwenye mkoba mmoja na sampuli za mashuka, napanda daladala ya Nungwi, naandika profoma mbele ya mteja.

Najua mtasema mtumba ni bahati nasibu. Kweli, ukinunua kama nilivyonunua ile mpya. Mtumba unapimwa, na muuzaji akikataa upime, ondoka zako.

Kwanza tazama prosesa. Ukiona i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Hapo ndipo wengi wanauziwa ThinkPad X270 kwa bei ya kuvutia. Naipenda mno ile mashine, ina betri ya pili ya kuchomoa, na kwa umeme wetu huu hiyo ni neema. Lakini ni kizazi cha 6 au 7. Muuzaji anaweza kukulazimishia Windows 11 ndani yake ikawaka vizuri, ila Microsoft haiitambui, na kwenye laptopu yenye madeni ya watu mimi sithubutu.

Pili, betri. Usiamini "inakaa saa nne." Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti. Humo mna uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Yangu ilikuwa imebaki kama robo tatu, nikakubali. Ikiwa chini ya nusu, punguziwa bei ya betri mpya au acha.

Tatu, na hili watu hawalijui: izime, iwashe, uingie BIOS (Lenovo bonyeza F1, HP F10, Dell F2). Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, rudisha mezani. Tena omba ifutwe na ianzishwe upya mbele yako ikiwa na intaneti. Ikitaka barua pepe ya kampuni fulani, hiyo bado ina mwenyewe.

Kibodi bonyeza herufi zote. Matundu ya USB jaribu kila moja kwa fleshi yako, maana printa ya risiti itakaa hapo.

X280 nayo ina kasoro yake: RAM imechomelewa kwenye bodi, ukinunua ya GB 8 ndiyo hiyo hiyo maisha. Ukitaka ya kuongeza baadaye, tafuta Dell Latitude 7290 au HP EliteBook 830 G5, kizazi ni hicho hicho cha 8. Na kama kazi yako ni kuhariri video za harusi, haya yote hayakuhusu, wewe kanunue hiyo kubwa.

Mwenye laptopu anayoitolea macho aniandikie modeli na namba ya prosesa kabla hajatoa pesa. Ile yangu ya inchi 15.6 ipo nyumbani, watoto wanaangalia katuni.