Mashine Iliyoliwa na Kutu



Mwezi huu twapenda kunena habari ya kazi ya mikono, hasa kwa walimu wafundishao useremala na kwa wazazi wenye vijana karakanani. Pengine huonekana nyuma ya karakana mashine kuukuu ya kurandia mbao, imeachwa mvuani, rangi imebabuka, na kutu imeifunika pia yote. Wapitao husema, “Hicho ni chuma chakavu tu.” Je, ni kweli? Tusihukumu upesi, wala tusitumaini upesi.

Mashine za namna hii zilitengenezwa sana Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Miongoni mwa watengenezaji walikuwa Oliver wa Grand Rapids, Michigan, na Crescent wa Leetonia, Ohio. Mwili wake ni chuma cha kusubu, kinene na kizito, na mara nyingi kutu imekula uso tu. Chini yake chuma kingali kizima. Basi, adui wa kuogopwa si kutu peke yake, bali na mkono wenye haraka. Haraka hiyo huja kwa njia tatu.

Ya kwanza ni nyundo. Chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana nati hukaza katika bolti. Tieni mafuta mepesi yapenyayo, ngojeni usiku kucha, gongeni kidogo kidogo, kisha tieni tena. Nati iliyokataa Jumatatu huenda ikakubali Alhamisi.

Ya pili ni moto. Katika nyingi za mashine hizi mhimili huzunguka ndani ya beringi za madini meupe laini, mchanganyiko wenye bati au risasi, ulioitwa kwa jina la Isaac Babbitt, Mmarekani aliyeubuni mwaka 1839. Mwenye kuchoma moto ili alegeze mhimili huyayusha madini hayo, na mhimili hukosa makao yake.

Ya tatu ni jiwe la kusagia liendeshwalo kwa umeme. Hung’arisha meza upesi, lakini huchimba mabonde. Vishimo vidogo vilivyoachwa na kutu haviharibu ubao, bonde huupotosha. Afadhali msasa laini uliozungushiwa kipande cha ubao ulionyoka, pamoja na mafuta kidogo, mkipima mara kwa mara kwa rula ya chuma. Meza ikiisha kusafika, ipakeni nta, kutu isirudi.

Rangi ya kale nayo yaweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu. Msiikwangue ikiwa kavu, wala watoto wasikaribie vumbi lake.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo yote. Mashine nyingi za zamani zilifungwa visu juu ya kichwa cha mraba. Kichwa hicho kikizunguka, kati ya pembe zake na ukingo wa meza hubaki pengo pana, na mkono ukiteleza huvutwa ndani. Mafundi wengi walipoteza vidole hivyo. Kichwa cha mviringo, kilichoenea mwanzoni mwa karne ya 20, kilipunguza hatari hiyo, kwa kuwa pengo lake ni jembamba. Kwa hiyo mashine yenye kichwa cha mraba, hata iking’aa kama fedha, isipewe mwanafunzi. Ama ibadilishwe kichwa na kuwekewa kinga ya visu, ama ikae kuwa kitu cha kutazamwa tu.

Basi, walimu, kabla hamjafungua kopo la mafuta, pangusheni kutu iliyo juu ya kichwa cha visu mtazame umbo lake. Mkiona mraba, shaurianeni kwanza habari ya vidole vya watoto, ndipo mshauriane habari ya chuma.

Kwaherini hata mwezi ujao.