Kitabu cha Ajenti na Diski za Kampuni: Programu Huria Isikutie Hofu

Mteja wetu, ukienda kutoa pesa kwa ajenti pale Nyayo Highrise, anakuandika kwenye kitabu: jina, namba ya kitambulisho, kiasi, halafu unaweka sahihi. Akikosea, hafuti. Anakata mstari ule na kuandika upya chini yake. Kitabu kilichofutwafutwa hakuna mtu hukiamini, na ubishi ukitokea, ndicho huamua.

Sasa je, kitabu cha kampuni kiko wapi? Kiko kwenye diski ndani ya seva. Kinachopanga maandishi kwenye diski hizo huitwa mfumo wa faili. Pengine hujawahi kuusikia, lakini salio lako hulala humo kila usiku.

Shida ni kwamba diski huzeeka. Kuna wakati hubadilisha tarakimu kimyakimya, bila onyo lolote, na mifumo mingi ya faili haigundui.

Ndiyo maana tunaunga mkono kampuni zinazotumia mifumo huria kama ZFS. Ilitengenezwa na Sun Microsystems ya Marekani, msimbo wake ukafunguliwa kwa umma mwaka wa 2005, na tangu 2013 inaendelezwa kwa jina la OpenZFS. Kila kipande cha data hupewa muhuri wa hesabu. Kikisomwa, hesabu hurudiwa. Isipolingana, mfumo huchukua nakala nzima kutoka diski nyingine na kurekebisha ile mbovu. Tena hauandiki juu ya data ya zamani. Huandika mpya kando kwanza, ndipo huihamia. Stima ikipotea katikati, ya zamani bado iko. Ni tabia ile ile ya ajenti wetu.

Utasema, "Lakini kila mtu anaona msimbo wake. Si hata wezi wataona?" Swali zuri. Fundi anaweza kujua kufuli yako imeundwaje na bado asiwe na ufunguo. Na macho mengi husaidia: Novemba 2023, watumiaji wa OpenZFS 2.2.0 waligundua kwamba baadhi ya faili zikinakiliwa zilitoka na sehemu tupu. Kosa lilijadiliwa hadharani, na kabla mwezi kuisha toleo 2.2.2 likatoka na marekebisho. Kosa likifichwa ofisini, wewe mteja ungelijulia wapi?

Lakini tuseme ukweli wote. Kisa hicho pia kinaonya: kampuni ya pesa isikimbilie toleo jipya kabla ya kulijaribu. Iweke nakala za akiba mahali pengine, kwa sababu muhuri hauzimi moto. Na ilipe wahandisi wanaoelewa mfumo huo. Programu ni ya bure, kuitunza si bure.

Kwa hivyo uliza kampuni yoyote inayoshika pesa zako: rekodi zangu mnazikagua vipi, na nakala ziko wapi? Ni haki yako kuuliza, hata sisi.

Na wewe fanya yako. Usifute meseji za miamala yako haraka. Usimpe mtu namba yako ya siri, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Ukimpa tapeli, muhuri hautakuokoa: mfumo utaandika wizi huo vizuri kabisa, bila kosa hata moja.