Skrinishoti Si Risiti

Pita vibanda vya Kamakis kule Ruiru, ama sokoni Jamhuri hapa Thika, na hutakosa kusikia: "Nimetuma, ona." Mteja anageuza simu, muuzaji anachungulia kidogo, mzigo unafungwa. Mimi nafikiri hii ndiyo tabia mbaya zaidi tuliyotoa mtandaoni na kuileta kwa biashara.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wengi wetu hatukuwa na intaneti mfukoni. Ukitaka kufungua barua pepe ulienda saiba, ukalipia kwa dakika. Pesa ilikuja kwa SMS, na uliyeisoma ni wewe uliyetumiwa. Halafu 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa. 2011 Huawei IDEOS ikauzwa hapa Kenya kwa takriban shilingi 8,000, na simu janja ikaacha kuwa ya matajiri. Thika Road ikakamilika 2012, nyumba za kupangisha zikaota Ruiru kama uyoga. Sasa majirani hawajuani kwa sura lakini wote wako kwa grupu moja la WhatsApp la ploti.

Hapo ndipo tabia ilibadilika. Kitu kikifanyika, tunapiga picha ya skrini na kutuma. Umebishana na mtu? Skrinishoti. Umelipa rent? Skrinishoti kwa keyteka. Umenunua nguo Facebook, kwa yule muuzaji wa "bei inboksi"? Skrinishoti tena, na humjui, hakujui. Picha imekuwa shahidi wa kila jambo. Machi 2020, wakati wa korona, ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 iliondolewa kwa muda, na hata pesa ya sukuma wiki ikahamia kwa simu. Ile picha ikaja nayo.

Shida iko wapi? Angalia grupu lolote la mchango wa matanga. Watu wanabandika ujumbe wa kuthibitisha malipo, mweka hazina anaandika jina lako na kiasi kwenye orodha. Lakini umeona karibu kila mtu hufuta kwanza ule mstari wa salio? Ni haki yake, nani anataka shemeji ajue amebakisha ngapi. Ila fikiria: kama wewe unaweza kufuta salio kwa sekunde tano, mwingine anaweza kugeuza 500 ikawa 5,000 kwa sekunde hizo hizo. Anaweza kubadilisha jina, tarehe, hata ile kodi. Sisi wote tunajua ujumbe unahaririwa, kwa sababu tunauhariri wenyewe, halafu bado tunaukubali kama risiti.

Chukua muuza viatu vya mtumba. Pea anauza 1,500, yeye alinunua 1,200. Akipewa ujumbe feki mara moja tu, itabidi auze pea nne zingine ndio arudishe ile 1,200 ya mtaji. Ndiyo, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inahesabu kughushi data kuwa kosa, lakini kesi haitaleta pesa ya stoki kesho asubuhi.

Najua mtu atasema, "Nikianza kukagua, wateja watakasirika, wataona nawashuku." Kweli, wengine watakunja uso. Lakini supamaketi ukilipa kwa till, keshia anangoja mashine yake ionyeshe pesa imeingia, na hakuna anayemwambia "si nimekuonyesha simu." Tunakasirikia mama mboga tu. Hiyo si heshima, bana, ni kudharau biashara ndogo. Sema tu kwa upole, "Ngoja kidogo boss, ujumbe uingie kwangu," na umwambie hivyo kila mteja, hata yule wa kila siku. Ukichagua wa kukagua, hapo ndipo utamuudhi mtu.

Kuna wenye vibanda nao wanachangia. Simu inayopokea ujumbe wa till iko na mwenye biashara nyumbani Makongeni, na msichana aliyeajiriwa yuko Kamakis bila njia ya kuona kama pesa imeingia. Ataamini nini kama si skrini ya mteja? Halafu hasara ikitokea, anakatwa mshahara. Mimi naona hasara hiyo ni ya mwenye biashara. Uliza mtoa huduma wako jinsi ya kuongeza namba ya mfanyakazi ili naye aone malipo ya till.

Wewe mweka hazina wa chama, linganisha orodha na taarifa ya akaunti, usitumie yale yaliyobandikwa kwa grupu. Na kama uko peke yako kwa kibanda na ujumbe umechelewa, fungua menyu uangalie salio lako mwenyewe. Inachukua muda mfupi kuliko kutafuta mfuko wa kufungia viatu.