Neno "Kimataifa" Pekee Halifanyi Chuo Kikuu

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi wa Gakindu na vijiji jirani vya Mukurwe-ini huanza kupiga hesabu ya karo. Wakati huo huo huwafikia matangazo ya vyuo vidogo vya kibinafsi, vinavyojiita vya kimataifa na kuahidi shahada za biashara. Nawasihi walimu wetu wasinyamaze. Mzazi anayeuza ng'ombe wa maziwa ili alipe karo ya muhula mmoja mara nyingi hana wa kumwuliza ila wao.

Sisemi kwamba vyuo vya kibinafsi havifai, wala udogo si aibu. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, tunachojivunia hapa Nyeri, kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi iliyojengwa kwa nguvu za wananchi, na hakikupata hadhi kamili ya chuo kikuu hadi mwaka 2012.

Upande wa vyuo vya kibinafsi tunao mfano wa USIU, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1969 kikiwa tawi la chuo cha San Diego, Marekani. Kilingoja miaka 30 kabla ya kutunukiwa hati ya serikali ya Kenya, mwaka 1999. Miaka miwili baadaye chuo mama kiliungana na kingine huko California na jina lake la zamani likatoweka. Kile cha Nairobi kiliendelea kusimama, kwa kuwa kilikuwa na hati yake, wahadhiri wake na wanafunzi wake. Jina la ng'ambo lilikifungulia mlango, lakini mizizi iliyoota humu nchini ndiyo iliyokihifadhi.

Kwa hivyo, mwanafunzi asikubali barua ya kuitwa chuoni kabla ya kuuliza maswali matatu. Kwanza, je, chuo kina hati kamili au idhini ya muda? Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu huorodhesha vyuo vinavyotambuliwa, na mwalimu anaweza kuibandika orodha hiyo kwenye ubao wa matangazo ya shule. Pili, je, wahadhiri ni wa kudumu, au ni wapita njia wanaokimbilia chuo kingine kabla wino haujakauka ubaoni?

Swali la tatu ndilo zito zaidi kwangu: ni biashara gani inayofundishwa humo? Mkulima wa Gakindu ameshiriki biashara ya kimataifa tangu siku aliyopanda mbuni wake wa kwanza. Huchuma matunda mekundu na kuyapeleka kwenye kiwanda cha ushirika. Yakishamenywa, kuoshwa na kukaushwa, kahawa huuzwa kwa dola katika mnada wa Nairobi, na bei yake hufuata mkondo wa soko la New York ambalo mkulima hajapata kuliona. Kijana anayerudi nyumbani na shahada ya biashara ya kimataifa, kisha ashindwe kumweleza babake ni kwa nini malipo ya mwaka huu yamepungua, amesomeshwa nini?

Chuo kidogo kinachoweza kumfundisha kijana kusoma mkataba wa mnunuzi wa ng'ambo, kukagua vitabu vya chama cha ushirika na kutafuta soko bila dalali kingekuwa baraka kwa eneo hili, hata kikiwa na madarasa manne tu. Chuo kinachouza jina bila elimu kinamnyang'anya mzazi mara mbili: humpokonya ng'ombe, kisha humpokonya miaka minne ya mwanawe.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangazo linapobandikwa kwenye ukuta wa soko, mwalimu na awe wa kwanza kuuliza hati iko wapi.